Kuita Seva Iliyo Kwenye Eneo Jingine la Anwani

Swali: Niko Bujumbura, najifunza z/OS. Programu za maeneo mengine ya anwani zitaiitaje seva yangu?

Jibu: Ndugu, seva iwe na idhini ya mfumo. Anza na AXSET, omba LX (linkage index, namba ya kiungo) kwa LXRES SYSTEM=YES, tengeneza jedwali la viingilio (entry table) kwa ETCRE, liunganishe na LX hiyo kwa ETCON. Mteja ataita kwa amri ya PC (Program Call). Ukitumia PC yenye rafu, utarudi kwa PR (Program Return).

Wengi hukosea seva inapoanza upya: huomba LX nyingine. LX ya mfumo mzima hairudishwi. Seva ikisimama, hubaki imelala mpaka iunganishwe tena au mfumo uwashwe upya, na akiba yake ina kikomo. Ihifadhi namba ya LX ya kwanza, kisha uunganishe jedwali jipya kwa namba hiyohiyo.