Dondoo Muhimu: Injini Ndogo Iliyokwama

Mkulima wa Cheptiret ambaye pampu yake ya petroli imelala ghalani msimu mzima wa mvua, na sasa kamba yake haivutiki, asiharakie kuihukumu kuwa imekufa, kwani aghalabu iliyoishika ni kutu ya ringi za pistoni tu.

1. Pima oili kwanza. Ikiwa imekauka na injini ilizimika ikiwa moto mno, mwite fundi, maana ghalibu chuma kimekwisha kulika.
2. Usiivute kamba kwa nguvu, itakatika.
3. Fungua plagi, mimina ndani ya silinda vijiko viwili vya dizeli iliyochanganywa na oili, kisha iache usiku kucha, na ikilazimu hata siku tatu. Subira hii ndiyo dawa yenyewe, na wengi huikosa.
4. Zungusha gurudumu la injini kwa mkono, mbele na nyuma, taratibu. Hadhari, usiigonge pistoni kwa nyundo.
5. Ikishalegea, vuta kamba plagi ikiwa nje na tundu limefunikwa kitambaa, mbali na jiko, mpaka mafuta yatoke.
6. Mwaga petroli ya zamani, safisha kabureta, badilisha oili.
7. Rudisha plagi, uiwashe injini pasipo mzigo, nje ya banda, kwani moshi wa injini chumbani huua.