Dola za Wengine, Shilingi Zetu: Mafunzo Niliyopata Nikiwekeza katika Kampuni Changa

Kazi yangu ni kupokea fedha za wengine, kama mashirika ya maendeleo ya Ulaya, mifuko ya pensheni na matajiri wachache, na kuzitia katika kampuni changa za teknolojia za Afrika Mashariki, nyingi zikiwa Nairobi. Kila nikialikwa mahali naulizwa wimbi lijalo la teknolojia ni lipi. Mimi huuliza kwanza fedha zimetoka wapi, zinadaiwa lini, na kwa sarafu gani.

1. Mfuko una muda wake, na muda huo si wa mwenye biashara

Mifuko mingi ya aina yetu huundwa kwa miaka 10. Miaka ya mwanzo tunanunua hisa, ya mwisho tunaziuza na kuwarudishia wenyewe chao. Kampuni nyingi zitakufa au kubaki ndogo, kwa hiyo moja au mbili hulazimika kuzilipia zote. Hesabu hii ni ya zamani. Mwaka 1957 mfuko wa mwekezaji Georges Doriot uliweka dola 70,000 katika Digital Equipment Corporation huko Massachusetts, na hisa hizo zikaja kuwa na thamani ya mamia ya mamilioni ya dola.

Ndiyo maana tunakataa biashara nzuri. Mama mmoja wa Nakuru alitujia na kiwanda kidogo cha mtindi. Vitabu vyake vilikuwa safi, faida ilikuwepo kila mwezi, na mpango wake ulikuwa wa kukua taratibu. Nilimshauri aende sacco. Alikopa huko na kampuni imebaki yake yote. Angechukua fedha zetu, baada ya miaka michache tungeanza kumsukuma aiuze.

2. Kiwango cha dola kinaweza kumpiku mwanzilishi hodari

Mwaka 2019 dola ilikuwa kama shilingi 102 za Kenya. Januari 2024 ilivuka 160. Kampuni iliyouza bidhaa za shilingi milioni 102 ilikuwa na mauzo ya dola milioni moja. Ili ibaki pale pale, ilihitaji kuuza za zaidi ya milioni 160. Watu wakeshe kazini, mauzo yapande kwa nusu nzima, na bado kwenye ripoti inayokwenda kwa wenye fedha mstari umelala. Kisha dola ikashuka hadi karibu 130 kabla mwaka huo haujaisha, na waanzilishi wale wale wakaanza kuitwa mahodari. Tangu hapo sisomi chati ya ukuaji isiyoonyesha sarafu zote mbili.

3. Wimbi kubwa mara nyingi hubebwa na kifaa cha zamani

M-Pesa ilipozinduliwa Kenya Machi 2007, haikuhitaji simu ya kisasa. Menyu yake ilikaa kwenye laini, na mwenye simu ya mulika mwizi alituma fedha sawa na mwenye simu ya bei. Kilichokuwa kipya ni wakala aliyekaa kila kona na pesa taslimu mkononi. Kampuni ya M-KOPA, iliyoingia sokoni mwaka 2012, ilipita juu ya barabara hiyo hiyo: mteja analipia mtambo wa sola kidogo kidogo kila siku kwa M-Pesa, na asipolipa mtambo hujizima. Ukiitazama vizuri ni biashara ya mikopo iliyovaa paneli ya jua, na ndiyo maana baadaye ilihamia kwenye mikopo ya simu bila kubadilika sana.

Sasa kila slaidi ninayoletewa ina akili mnemba. Huwa nauliza inapunguza gharama ipi, na ya nani. Wengi hunijibu kwa kunionyesha jinsi inavyozungumza.

4. Unga haupungui uzito ukiuzwa kwa simu

Hapa ndipo fedha nyingi zaidi zilipozama, kwa hiyo niseme kwa kirefu. Wazo lilikuwa kuwauzia wenye maduka ya mtaani bidhaa kupitia programu ya simu na kuwafikishia mlangoni. Kampuni ya Twiga ilianza 2014 na ndizi. Wasoko ilipata dola milioni 125 mwaka 2022. Hoja ilishawishi: kwa nini mwenye duka afunge, apande matatu, akapange foleni kwa muuzaji wa jumla?

Nilikwenda mtaa wa Kayole, Nairobi, kumtazama mteja mwenyewe. Alikuwa na programu mbili kwenye simu, ananunua kwa anayetoa punguzo siku hiyo, na vilivyobaki anavichukua kwa muuzaji wake wa zamani, kwa sababu huyo humkopesha bila fomu. Programu inaweza kupunguza makosa ya daftari. Haipunguzi dizeli, wala haiongezi faida ya sukari, ambayo ni shilingi chache kwa mfuko. Punguzo alilofurahia lilitoka kwa wawekezaji.

Benki Kuu ya Marekani ilipopandisha riba kutoka karibu sifuri Machi 2022 hadi zaidi ya asilimia 5 Julai 2023, wawekezaji wakapata pa kuweka fedha bila jasho. Kampuni ya Sendy ikafungwa 2023. Copia nayo ikawekwa chini ya msimamizi 2024, na mwaka huo huo Wasoko ikaungana na MaxAB ya Misri. Wapo wanaosema soko letu halikuwa tayari. Sikubaliani nao hata kidogo. Wauzaji wa jumla wa Eastleigh na Kamukunji walikuwa wakiifanya kazi ile ile kwa gharama ndogo zaidi, bila hata slaidi moja.

5. Taarifa ya paybill kwanza

Nataka kuona malipo yaliyoingia kweli kwa M-Pesa. Slaidi baadaye.

6. Si kila kitu kinunuliwe kwa hisa

Ninachokifuatilia sasa ni bodaboda za umeme. Kampuni ya Ampersand ilionyesha Kigali kwamba dereva anaweza kufika kituoni, akabadilisha betri na kuondoka, na Nairobi sasa ina kampuni kadhaa za namna hiyo. Mwanzilishi mmoja ananiomba fedha, na sehemu kubwa ni za kununua betri. Betri huingiza pesa kila siku na kufa baada ya miaka inayokadirika. Kitu cha namna hiyo hununuliwa kwa mkopo wa shilingi, si kwa kipande cha kampuni. Shida ni kwamba benki imezoea hati ya shamba au logbuku ya gari, na betri haina hata moja. Nimemwahidi fedha za programu na wahandisi, benki ikikubali kubeba betri. Benki imeomba rekodi za uchakavu za miaka miwili, naye ana za miezi kumi na minne.