Ziba Ufa Kabla Mnyoo Haujaingia

Wengi wetu tumekwisha kusikia habari za virusi vya kompyuta. Mnyoo wa kompyuta una hatari ya namna nyingine. Kirusi hujificha ndani ya faili na kungoja mtu alifungue. Mnyoo hujinakili na kusafiri wenyewe. Ukiingia katika kompyuta moja, hupekua mtandao ukitafuta nyingine yenye kasoro ileile, huivamia, kisha huanza upya.

Tarehe 12 Mei 2017, mnyoo ulioitwa WannaCry ulianza kuenea hivyo, ukafika katika nchi zipatazo 150. Ulifunga mafaili na kudai dola 300 za Marekani, kwa sarafu ya bitcoin. Nchini Uingereza, hospitali zililazimika kuahirisha matibabu na kuelekeza magari ya wagonjwa kwingine. La kusikitisha ni kwamba kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho ya kasoro hiyo tangu tarehe 14 Machi. Kompyuta zilizowekewa marekebisho hayo hazikuingilika kwa njia hiyo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwa hiyo, kila programu ya kompyuta yako ikikuomba uisasishe, usiahirishe. Hifadhi nakala za kazi zako katika diski isiyounganishwa na kompyuta. Mafaili yakifungwa, kata mtandao mara moja ili kuwanusuru wenzako. Usiwalipe wahalifu, kwani malipo hayahakikishi kwamba mafaili yatarudi. Piga picha ya ujumbe ulio kwenye skrini, kisha utoe taarifa katika kituo cha polisi kilicho karibu nawe.