Mbwa, Kondoo, na Baraza la Hokianga

Mbwa ni rafiki wa mtu, lakini si kila mara rafiki wa kondoo. Mbwa aliyelishwa vizuri nyumbani, achezaye na watoto mchana kutwa, aweza kutoka usiku akaenda mbali, akaingia malishoni na kuua kondoo kumi asile hata mmoja. Hafanyi hivyo kwa sababu ya njaa. Akimwona kondoo anakimbia, hamu ya kufukuza humshika, na akiisha kuuonja mchezo huo huurudia. Tena akiwa pamoja na mbwa wenziwe wawili watatu, ukali wao huzidi. Alfajiri hurudi kwao akajilaza mlangoni, na bwana wake akiamka humwona amelala kwa upole kama siku zote.

Hasara yake si kondoo walioumwa tu. Kondoo wakifukuzwa hukimbia ovyo mpaka wakakwama uani au wakaanguka shimoni, mmoja juu ya mwingine, na walio chini hufa kwa kukosa pumzi. Majike wenye mimba huziharibu. Asubuhi mwenye kondoo hukuta mizoga, wala hajui mbwa ni wa nani. Akimshitaki jirani, jirani hukana. Hivyo jambo lililoanza kwa mbwa na kondoo huishia kuwa ugomvi wa watu na watu. Ndiyo sababu katika nchi nyingi kazi ya kuwaangalia mbwa haikuachiwa kila mtu afanye apendavyo, bali imetiwa mikononi mwa mabaraza ya wilaya na ya miji. Katika nchi ya New Zealand kazi hiyo nusura ilete vita, mwaka wa 1898.

New Zealand ni visiwa viwili vikubwa na vingine vidogo, katika Bahari ya Pasifiki, mbali sana upande wa kusini. Wenyeji wake wa kwanza ni Wamaori, ambao walifika kwa mitumbwi kutoka visiwa vya Polinesia yapata miaka 700 iliyopita. Katika nchi ile hawakukuta mnyama wa nchi kavu anyonyeshaye watoto wake, ila popo tu. Mbwa walikuja nao wenyewe. Mbwa yule aliitwa kuri, naye alikuwa mali kubwa: aliwasaidia kuwinda ndege, nyama yake ililiwa, na ngozi yake ilifanywa mavazi ya wakuu. Baadaye Wazungu walileta mbwa wa namna nyingine, na kuri akachanganyika nao hata mbegu yake ikaisha. Walakini Wamaori hawakuacha kufuga mbwa. Waliwatumia kuwinda nguruwe wa mwitu, ambao asili yao ni nguruwe walioletwa na Wazungu.

Wazungu walileta kondoo pia. Hapo kwanza faida kubwa ya kondoo ilikuwa sufu. Lakini mwaka wa 1882 merikebu iitwayo Dunedin ilipakia nyama ya kondoo iliyogandishwa kwa baridi, ikasafiri kutoka Port Chalmers mpaka London, na nyama ikafika salama. Tangu hapo nyama nayo ikawa biashara. Kabla karne ya 19 haijaisha, kondoo wa New Zealand walikuwa karibu milioni 20, na idadi ya watu haikufika milioni moja. Basi mtu aliyepoteza kondoo kwa meno ya mbwa alijiona ameibiwa fedha mfukoni, na wafugaji wakaomba sheria kali.

Sheria ya kuandikisha mbwa ilikuwa imekwisha kutungwa mwaka wa 1880. Mwenye mbwa alipaswa kumwandikisha kila mwaka na kumlipia ada. Watu waliiita ada hiyo kodi ya mbwa. Katika wilaya ya Hokianga, kaskazini mwa Kisiwa cha Kaskazini, mbwa mmoja alilipiwa shilingi 2 na peni 6, kwa fedha iliyotumika nchini humo mpaka mwaka wa 1967. Sheria yenyewe haikuwa bila maana. Mbwa aliyeandikishwa anajulikana ni wa nani, na mtu alipaye kwa kila mbwa hafugi kundi asiloweza kulitunza.

Lakini jambo lililo jema machoni pa mmoja laweza kuwa mzigo mgongoni pa mwingine. Nyumba nyingi za Wamaori zilikuwa na mbwa wengi na fedha kidogo. Mtu mwenye mbwa watano alidaiwa shilingi 12 na peni 6, naye pengine hakuwa na kondoo hata mmoja wa kulindwa. Wamaori wa Hokianga waliona kwamba fedha yatoka kwao, na faida yaenda kwa wengine. Tena kodi ya mbwa haikuwa peke yake. Walilalamika pia juu ya kodi ya ardhi, na juu ya sheria zilizowazuia kuwinda njiwa wa porini, ambao wazee wao waliwawinda siku zote.

Katika kijiji cha Waima alikuwako mtu mmoja jina lake Hone Toia, kiongozi aliyesikilizwa sana na watu wake. Aliwaonya kwamba kodi ikianza kwa mbwa itaishia kwa watu. Baraza la wilaya liliposhika kudai kodi kwa nguvu, yeye na wafuasi wake walikataa kulipa. Hata mwezi wa Mei 1898 watu wa Waima wakashika bunduki, wakaenda katika mji mdogo wa Rawene. Wakazi wengi wa mji wakaogopa, wakakimbia.

Habari ilipofika serikalini, wakapelekwa askari 120 wakiwa na mizinga. Askari wakatoka Rawene kwenda Waima kwa njia ipitayo msituni. Njiani risasi zilisikika, lakini hakuna mtu aliyepigwa. Siku ile ingaliweza kuwa siku ya maombolezo kwa pande zote mbili. Lakini alikuwako mtu wa tatu. Huyu ni Hone Heke Ngapua, Mmaori aliyekuwa mjumbe katika Bunge, kijana wa ukoo wa Hone Heke wa zamani aliyepigana na Waingereza. Yeye aliwasihi watu wa Waima waweke silaha chini, waache jambo lao limalizwe kwa maneno. Hone Toia akakubali. Bunduki zikatolewa, vita vikafa kabla havijazaliwa.

Hone Toia na wenzake wakakamatwa, wakapelekwa Auckland kuhukumiwa. Watano, naye mmoja wao, walipewa miezi 18 ya kifungo na kazi ngumu. Walakini walifunguliwa mwaka wa 1899, kabla hawajaimaliza. Kodi ya mbwa haikufutwa. Kondoo nao waliendelea kuhitaji ulinzi. Lakini swali la watu wa Waima lilibaki: fedha ya mbwa hufanya kazi gani, na nani aliyewauliza wenye mbwa?

Jibu la swali hilo laonekana katika Sheria ya Kuwaangalia Mbwa iliyotungwa New Zealand mwaka wa 1996. Sheria hiyo yamlinda mwenye kondoo kwa nguvu. Kila mbwa aliyepita miezi mitatu huandikishwa katika baraza la mahali pake kila mwaka. Mwenye kondoo akimkuta mbwa anazurura katikati ya kondoo wake, aweza kumkamata au kumwua papo hapo. Mwenye mbwa hulipa hasara yote, wala hawezi kujitetea kwa kusema kwamba mbwa wake hajapata kufanya ubaya tangu kuzaliwa. Baraza likipata ushahidi wa kiapo kwamba mbwa fulani ni hatari kwa watu au kwa mifugo, sharti limwandike kuwa mbwa wa hatari. Hapo mwenyewe hana budi kumfungia ndani ya ua imara, na kumfunga kinywa amtoapo barabarani.

Lakini sheria hiyo hiyo yalifunga baraza pia. Kwanza, fedha ya kuandikisha mbwa haitumiki kwa jambo lingine lolote, ila kwa kazi ya mbwa tu. Pili, baraza halina ruhusa ya kuweka utaratibu wake juu ya mbwa kwa siri. Sharti liutangaze, liwape habari wenye mbwa walioandikishwa, na kusikiliza maneno yao. Tatu, mtu ambaye mbwa wake ameandikwa kuwa wa hatari aweza kupinga, naye lazima asikilizwe. Nne, mbwa aliyeandikishwa, akikamatwa akizurura, hauawi wala hauzwi mara moja. Mwenyewe hupewa habari, na siku saba za kumkomboa.

Mtu akiyalinganisha mambo ya 1898 na ya 1996 ataona kwamba kazi ni ile ile, na njia ni mbalimbali. Zamani baraza lilidai, na watu walitakiwa walipe. Sasa baraza ladai, lakini nalo ladaiwa: hesabu ya fedha, na sikio la kusikiliza. Wazee wa Kiswahili husema, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa Hokianga ulikuwa shilingi 2 na peni 6. Kama ungalizibwa kwa maneno mema mapema, isingalihitajiwa mizinga.

Naye mwenye mbwa asisahau sehemu yake. Baraza haliwezi kulala mlangoni pa kila nyumba. Mtu amfungaye mbwa wake usiku amemlinda kondoo wa jirani, ameulinda ujirani, na amemwokoa mbwa mwenyewe, kwa maana mbwa hajui sheria, wala hana wa kumfundisha ila bwana wake.

MASWALI

1. Kwa nini mbwa aliyeshiba aweza kuua kondoo?
2. Merikebu Dunedin ilifanya kazi gani mwaka wa 1882, na kwa nini jambo hilo liliongeza thamani ya kondoo?
3. Eleza sababu za wafugaji kuitaka sheria ya mbwa, na sababu za watu wa Waima kuikataa kodi. Upande gani ulikuwa na haki, au kila upande ulikuwa na haki yake?
4. Hone Heke Ngapua alizuiaje vita?
5. Taja mambo mawili ambayo baraza hulazimishwa na sheria ya 1996. Je, mambo hayo yangaliwaridhisha watu wa Waima?