NANI AMEIBA FURAHA YAKO?

Mpendwa msomaji, leo uliamka vizuri tu. Mara umeme ukakatika, shati la kazini umelipiga pasi upande mmoja. Kituoni daladala zimejaa, na ulipopata moja kondakta akakunyima chenji yako. Kazini ukafokewa mbele za watu. Jioni unarudi, mwenye nyumba amekaa mlangoni anakungoja, anataka kodi ya miezi 3. Unakaa kula, mtoto anakuuliza jambo dogo, nawe unamkaripia mpaka analia. Je, mtoto huyo ana kosa gani?

Ndugu yangu, msiba ukikupata majirani watakuja, watakufariji na kukuchangia. Lakini nani atakuja kukupa pole kwa ajili ya chenji ya shilingi 200? Madogo haya unayabeba peke yako. Nayo yanakula moyo kama mchwa anavyokula boriti, nje inaonekana nzima, ndani ni unga.

Wapo wanaohubiri ati ukiokoka shida zote zinakwisha siku hiyo hiyo. Wanakudanganya. Hebu mwangalie mtume Paulo. Kule Filipi, mji wa Makedonia, alimfungua kijakazi aliyekuwa na pepo wa uaguzi. Alitenda jema! Malipo yake nini? Mabwana wa yule kijakazi waliona faida yao imepotea, wakamkamata yeye na Sila. Wakapigwa kwa fimbo, miguu yao ikafungwa katika mkatale. Majeraha hayajaoshwa. Usiku wa manane wakawa wanaomba na kuimba (Matendo 16). Angalia sana hapo, msomaji. Waliimba kwanza, tetemeko lilikuja baadaye. Wewe unasubiri milango ifunguke ndipo uimbe!

Miaka ikapita. Paulo yuko kifungoni tena, anawaandikia barua watu wa Filipi hao hao. Barua yenyewe ni fupi, sura 4 tu, lakini ametaja furaha na kufurahi humo zaidi ya mara 10. Usidhani mambo yalimnyookea. Wahubiri wenzake walikuwa wanahubiri kwa wivu ili wamwongezee uchungu (1:15-17). Epafrodito, aliyeletwa na msaada kutoka Filipi, aliugua karibu na kufa (2:27). Kanisani kina mama wawili, Euodia na Sintike, hawapatani (4:2). Unaona? Wivu wa wenzako, ugonjwa nyumbani, ugomvi wa wanawake kanisani. Hata kwenu yapo!

Siri yake iko sura ya 4, mstari wa 11 na wa 12. Anasema kuridhika na hali aliyo nayo ni jambo alilojifunza. Hakuzaliwa nalo. Alijifunza akiwa ameshiba na akiwa ana njaa. Basi na wewe usikate tamaa ukijiona mwepesi wa hasira. Uko darasani, na Mwalimu wako ni Roho Mtakatifu.

Somo la kwanza liko mstari wa 6: kila haja mpelekee Mungu, pamoja na kushukuru. Wengi tunaomba, kushukuru hatushukuru. Jaribu leo jioni. Kabla hujagusa mlango wa nyumba yako, simama. Mwambie Bwana lile lililokuudhi, ulitaje kwa jina lake, hata kama ni chenji. Kisha mshukuru kwa jambo moja la siku hiyo hiyo. Ndipo uingie. Na yule mtoto uliyemkaripia, mwite, umwombe msamaha. Heshima yako haitapungua.

Lakini furaha hii haipatikani kwa mtu asiyempokea Yesu. Pombe itakusahaulisha kodi mpaka asubuhi, na asubuhi mwenye nyumba yupo pale pale. Kama hujaokoka, sema sasa hivi kwa imani: "Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nimechoka kubeba peke yangu. Nisamehe, ingia moyoni mwangu, unifundishe kufurahi ndani yako. Amina."

Umeomba? Haleluya! Usiondoke uwanjani kimya kimya. Njoo mbele ya jukwaa, watumishi wapo, watakuombea na kukuonyesha kanisa lililo karibu na kwako.