Jik kiasi gani, maji kiasi gani?

Wiki hii tuna somo la hesabu, nalo linahusu uhai.

Chukua mfano wa nyumba moja hapa Kitete. Mgonjwa anaharisha maji na kutapika. Wakati wengine wanatafuta usafiri wa kumpeleka hospitali, mama anamimina Jik kwenye ndoo ili asafishe choo. Anainusa. Ikimpiga puani, anasema imetosha. Hapo ndipo penye hatari, kwani harufu si kipimo. Dawa ikiwa hafifu, vijidudu vya kipindupindu vinabaki. Ikiwa kali mno, inachoma ngozi na kifua cha anayesafisha.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Ukiongeza maji kwenye chai yenye sukari, utamu unapungua lakini sukari ni ileile. Na klorini ni hivyo hivyo. Kwa hiyo, ukali wa kwanza mara ujazo wa kwanza ni sawa na ukali wa pili mara ujazo wa pili.

Mfano wa kwanza. Kibandiko cha chupa kinasema asilimia 3.5. Kwa sakafu na choo cha mgonjwa tunahitaji asilimia 0.5. Gawanya 3.5 kwa 0.5, unapata 7. Maana yake, mchanganyiko wote uwe vipimo 7: kimoja cha Jik, sita vya maji. Wengi hukosea hapa kwa kuweka maji vipimo 7. Wanasahau kuwa Jik nayo ni kipimo kimoja, na dawa inashuka chini ya asilimia 0.45.

Mfano wa pili. Unataka ndoo ya lita 20 ya kunawia mikono pale sabuni inapokosekana. Ukali unaotakiwa ni asilimia 0.05. Zidisha 20 kwa 0.05, unapata 1. Gawanya kwa 3.5, unapata lita 0.286, yaani karibu mililita 290. Mimina Jik hiyo, kisha jaza maji hadi alama ya lita 20.

Usikariri "moja kwa sita" bila kusoma kibandiko. Jik ya asilimia 5 inataka maji vipimo 9. Ya asilimia 2.5 inataka maji vipimo 4 tu. Hiyo ukiizimua kwa maji vipimo 6, utapata asilimia 0.36 hivi, nawe utadhani umesafisha.

Zingatia na haya:

1. Ondoa uchafu kwanza kwa maji na sabuni, kwani uchafu hula nguvu ya klorini. Kisha paka dawa na uiache dakika 10.

2. Tengeneza mpya kila siku kwa maji baridi. Funika, weka kivulini. Jua na joto huimaliza nguvu.

3. Usichanganye Jik na dawa ya choo yenye asidi wala yenye amonia. Hutoa hewa ya sumu. Wanaosafisha vyoo vya misikiti walizingatie sana hili.

4. Michanganyiko hii si ya kunywa. Maji ya kunywa yachemshe, au tumia dawa yake maalumu kwa kufuata maelekezo ya pakiti.

5. Anayeharisha maji mfululizo apewe maji ya chumvichumvi ya ORS mara moja na kuwahishwa kituo cha afya. Usafi wa nyumba haumtibu yeye, unawakinga waliobaki.

Zoezi: una nusu lita ya Jik ya asilimia 3.5, unataka asilimia 0.5. Utaongeza maji kiasi gani? Fanya mwenyewe kabla ya kusoma mstari unaofuata.

Jibu: zidisha 3.5 kwa 0.5, gawanya kwa 0.5. Jumla ni lita 3.5. Toa nusu lita ya Jik, maji ni lita 3.

Tukutane wiki ijayo, inshaallah.