MVUA YA KWANZA NA MAJI YA UDHU

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Mwanafunzi mmoja aliniuliza: "Ustadh, mvua ya kwanza maji yanatoka kwenye bati yakiwa na rangi ya moshi. Udhu unasihi?"

Unasihi. Vumbi lililopeperushwa na upepo, ambalo ni vigumu kuliepuka, halitoi maji katika utohara wake. Ila kama kuna kinyesi cha ndege na rangi, ladha au harufu ikabadilika kwa najisi hiyo, hayo hayafai.

Lakini tohara ni jambo moja na usalama wa kunywa ni jingine. Katika mvua ya mjini kuna kitu kisichoonekana, nacho ni naitrojeni. Yenyewe haina madhara. Karibu sehemu 78 katika kila 100 za hewa ni hiyo. Joto kali la injini, au la radi, huiunganisha na oksijeni, zikapatikana gesi ambazo hugeuka tindikali hewani. Mikojo na kinyesi cha mifugo nacho hutoa amonia, ile inayochoma pua ukipita zizini. Vyote hivi huyeyuka katika matone.

Tazama Dar es Salaam. Juni hadi Septemba mvua ni chache, magari hayapumziki, na taka zinachomwa uani (hapa tusiwasingizie wenye magari peke yao). Vuli ikianza, manyunyu ya kwanza huosha hewa na mabati kwa pamoja.

Shambani naitrojeni hiyo ni mbolea, na ile ya radi ilikuwepo kabla ya injini yoyote. Ikizidi majini ni balaa. Mto Msimbazi huipeleka baharini pamoja na maji ya vyoo. Mwani hustawi, kisha huoza na kumaliza oksijeni ya samaki.

Kwa hiyo wenye matangi, ondoeni bomba la mlizamu, mvua ya kwanza imwagike, ndipo mkinge. Kuchemsha huua vijidudu, hakuondoi naitreti. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, kwa ajili hasa ya watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya kopo. Maji ya mvua kwa kawaida hayafiki huko. Kisima kilicho jirani na choo ndicho cha kuogopwa zaidi, hata maji yake yawe meupe na udhu wake sahihi.

Wallahu aalam.